Bi Nyamizi na Tete la Kijivu

Hapo zamani za kale, wakati wanyama wa bwawani walipokuwa wakijenga na kutembeleana kama watu, aliishi buibui mdogo aitwaye Bi Nyamizi. Msimchanganye na buibui wa darini. Yule hutega utando. Huyu hakutega chochote. Aliwinda kwa kuruka, na kabla ya kuruka alifunga uzi mmoja nyuma yake. Usoni alikuwa na macho mawili makubwa, na mengine sita madogo yamezunguka kichwa.

Mayai yake aliyaweka ndani ya jani lililokunjwa, juu ya tete moja ukingoni mwa maji.

Asubuhi moja akaja Chura, Bwana Kasanda, mnene wa mwili na wa sauti. Akasema analitaka tete lile apate pa kuimbia, na jani litolewe kabla jua halijapanda. Nyamizi akamwomba siku tatu tu, watoto watoke mayaini. Kasanda akakataa.

"Hapa bwawani nyumba ni ya anayeruka mbali," alisema. "Ndiyo desturi, dada. Wewe unaruka kiasi gani? Upana wa ukucha?"

"Basi turuke, kaka. Atakayeshindwa ahame."

Chura akacheka mpaka koo likamvimba.

Nyamizi akatazama mbele. Kati ya matete ya kijani yalisimama mawili ya kijivu. Akayafuata kwa macho kutoka chini hadi juu, na huko juu akaona mdomo mrefu. Alikuwa Korongo, amesimama kimya tangu alfajiri. Kasanda aliona matete tu, kwani jicho la chura humtambua mnyama anapotembea tu.

"Mwisho wetu ni tete lile la kijivu," Nyamizi alisema. "Natangulia."

Akafunga uzi, upepo ukamsaidia, akaruka: tii! Akaligusa goti la Korongo kidogo tu, kisha akajivuta kwa uzi mpaka kwake.

"Hivyo tu?" Kasanda aliuliza.

"Hivyo tu. Vyura wa ng'ambo hulifikia wakiwa wamefumba macho."

Kasanda akafumba macho, akajitupa kwa nguvu zake zote. Puu! Akalikumbatia tete, nalo likajikunja.

"Dada," aliita, "mbona tete hili lina kucha?"

Korongo akainama, akammeza.

Hadithi yangu imeishia hapo, wanangu, na funzo lake ni hili: mwenye nguvu asiyetazama aendako hushindwa na mdogo aliyetazama.