Mkeka wa Bi Mize na Gemu Mbili

Hapo zamani, na msiende mbali kutafuta majini na wafalme, maana zamani yenyewe ni ya mwaka jana tu, palikuwa na mkono uliokufa huku mwenyewe yu hai. Nilikuwepo. Sikuhadithiwa na mtu. Mimi Mbarouk, fundi wa saa na redio hapa Konde, niliyesoma mpaka darasa la sita na la saba nikalisikilizia dirishani, niliyaona yote kwa macho haya mawili, na fundi wa saa haoni kitu nusu nusu.

Mkono ulikuwa wa kulia, na mwenyewe ni Bi Mize.

Bi Mize alikuwa msukaji wa ukili, ule utepe wa majani ya ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Nikisema msukaji msifikirie hawa wanaosuka huku wakipiga soga, ukili ukatoka kama utumbo wa kuku. Ukili wa Bi Mize ukiumwagia maji yanakaa juu yakisubiri ruhusa. Alikuwa ameanza mkeka mmoja wa kulalia, akisema ndio wake wa mwisho, kwa nakshi aliyofundishwa na mama yake. Alipofika nusu ya ukili wake, kiharusi kikampiga. Mwili kikauacha, mkono kikauchukua.

Na hapa kwetu kila mtu anajua, ukili ulioanzwa na mkono mmoja hauendelezwi na mwingine. Kila mwanamke ana mvuto wake, namna anavyoukaza ukindu. Ukiunganisha mivuto miwili, mkeka unapinda; ukiutandika pembe moja inasimama, na mgeni akikaa anajua palipita mkono wa pili. Basi ukili ukabaki kwenye pakacha, nusu, na Bi Mize akabaki akiutazama.

Alikuwa akiishi na mkazamwana wake, Sabiha. Mume wa Sabiha, mtoto wa Bi Mize, alifariki miaka kumi nyuma, na eda ilipokwisha Sabiha angeweza kurudi kwao Micheweni. Hakurudi. Alikuwa na watoto wawili, wakubwa sasa: Faki, anayefanya kazi Unguja katika duka la simu, na Raya, mshona nguo hapa hapa mtaani.

Bi Mize akawaita wote watatu, Faki kwa simu, akawaambia: "Atakayenirudishia mkono wangu, mkeka huu wake. Nasema mmoja. Mkeka haukatwi."

Faki akaja likizo na gemu mpya ya mkononi. Mimi vyombo navijua, na chombo kile kilinitoa jasho. Kioo kipana kama sahani ya wali, rangi zinang'aa, pembeni vishikio viwili vinavyochomoka. Ndani mna kijana anaruka mitaro, na akianguka, kishikio kinatetema mkononi mwako. Vidole vya Bi Mize havikuweza kushika, kwa hiyo Faki akamfunga kishikio kiganjani kwa kitambaa, kama unavyomfunga mtoto jeraha.

Kijana akaanguka mtaroni. Kishikio kikatetema. Akaanguka tena, kikatetema tena. Na kila akianguka Bi Mize alimwomba radhi: "Samahani baba, mkono wangu mbovu." Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo. Siku ya nne hakuomba radhi. Aliutazama mkono wake.

"Mume wangu," akamwambia Faki, maana mjukuu wa kiume kwa bibi yake ni mume wa utani, "kuna nyuki humu mkononi."

Miezi mitano daktari alikuwa akiuchoma sindano mkono ule, na Bi Mize akimuuliza ataanza saa ngapi. Leo anasikia nyuki. Nilikuwa mlangoni na saa yao ya ukutani kwapani, na nilisahau nilichokuja kufanya.

Likizo ikaisha, Faki akarudi Unguja, gemu akaiacha. Lakini kusikia ni jambo moja, na kufanya ni jingine. Vidole vilisikia, havikutii. Tena gemu ile vitufe vyake tele, na umeme ukikatika inalala pamoja na wenye nyumba. Raya akaenda kufukua sandukuni gemu yake ya utotoni, ile ya kijivu, matofali yanashuka nawe unayageuza na kuyapanga. Haina rangi. Inalia kama kifaranga. Inataka betri mbili tu, na betri alizichukua dukani kwangu, ingawa mimi sijitii katika hesabu ya wenye haki, japo ningeweza.

Vitufe vyake ni vigumu. Raya akaweka dole gumba la bibi yake juu ya kitufe, na lake juu ya la bibi, akabonyeza. Tofali likageuka. Akabonyeza, likageuka. Kila siku baada ya sala ya alasiri, cherehani anaiacha na nguo za watu, anakaa chini, anabonyeza. Siku arubaini. Siku ya arubaini na moja akaondoa dole lake taratibu.

Tofali likageuka. Na jingine likageuka.

Bi Mize macho yako kwenye kioo, hana habari. "Mke mwenzangu," akasema, "leo mbona unabonyeza kivivu?"

"Mikono yangu hii hapa, bibi," Raya akasema, akainyanyua yote miwili.

Hapo mngedhani hadithi imekwisha. Iddi ikaja, Faki akaja nayo, na ugomvi ukaingia. Faki akasema gemu yake ndiyo gemu, ile ya Raya ni kikokotoo kilichochanganyikiwa. Raya akamjibu kuwa ya kwake imeanguka kisimani na bado inafanya kazi, na ile ya Faki hata ukiipigia chafya lazima uitafutie fundi. Faki akataja rangi, Raya akataja betri. Faki akataja sauti, Raya akauliza vidole vya bibi vilitii kwa gemu ya nani. Wakabishana juu ya kichwa cha bibi yao asubuhi na jioni. Naye Bi Mize hakuwasikia, maana alikuwa anacheza zote mbili, moja ikichoka anashika nyingine. Uji unapoa. Wageni wa Iddi wanasalimia kisogo. Ukili uko pale pale kwenye pakacha, hauangaliwi.

Sabiha akavumilia siku tatu. Ya nne akazichukua gemu zote mbili, akazitia kashani, akafunga, na ufunguo akaufundika kwenye pindo la kanga yake. Hakutoa sababu.

Bi Mize akagoma kula. Siku mbili hakumsemesha mkazamwana wake. Siku ya tatu, asubuhi, vidole vilivyozoea kazi vikachoka kukaa bure. Akalivuta pakacha.

Sabiha alikuwa jikoni anakanda unga. Akasikia sauti ambayo nyumba ile haikuisikia kwa miezi minane, ukindu unapita juu ya ukindu. Akasogea nyuma ya mlango, akachungulia, machozi yakamdondokea kwenye mikono yenye unga. Hakuingia. Alisimama mpaka unga ukamkaukia.

Mkeka ukasukwa, ukashonwa, ukaisha. Ukitandikwa, pembe zote nne zinalala chini. Bi Mize akatuita, watatu wale wenye madai na mimi shahidi, kwa sababu Konde nzima ukitafuta mtu asemaye kweli utafika kwangu kabla jua halijapanda.

Faki akasema: "Bibi, mkono huu ulikuwa umeshazikwa. Watu walikuwa wanakupa pole ya msiba. Nani aliubishia hodi? Bila yule nyuki, Raya angekuwa anabonyeza gogo."

Raya akasema: "Kuamshwa si kuinuka. Gemu yako ilimtetemesha halafu ukapanda boti ukaenda zako. Mimi nilikaa. Bibi ana nguvu katika dole lile kwa sababu lilikuwa chini ya langu siku arubaini."

Bi Mize akamwambia Sabiha aseme, na yeye ana haki ya kusema.

"Mimi sikuleta kitu, mama. Niliondoa," Sabiha akasema. "Na niliondoa kwa hasira. Sikuwa natafuta dawa."

Basi Raya mwenyewe, na ndipo nilipompenda mtoto yule, akauliza jambo ambalo sisi sote tulikuwa hatujaliuliza. Ukindu mkavu hukatika ukiushika. Miezi minane pakachani, mbona ule haukukatika? Sabiha akatazama chini. Ikajulikana kuwa kila asubuhi alikuwa akiunyunyizia maji na kuufunika kwa kitambaa kibichi, na kila jioni akiuanika usije ukaota ukungu, na hakumwambia mtu.

"Kwa nini?" Bi Mize akamuuliza.

"Nilikuwa naogopa. Ukipona ukaukuta umeharibika, ungenigombeza."

Bi Mize akasema polepole: "Yaani miezi minane yote, nyumba hii ilikuwa na mtu mmoja anayeogopa kwamba nitapona."

Faki akakohoa. Akasema kwa adabu kwamba maji yale yaliutunza ukili, hayakuurudisha mkono, na ahadi ilikuwa ya mkono. Na kusema kweli hakukosea. Raya akasema lakini kama gemu zisingefungiwa, bibi mpaka leo angekuwa anapanga matofali. Naye hakukosea. Sabiha hakudai chochote, akainuka kwenda kuangalia chungu.

Bi Mize akanigeukia mimi. "Haya Fundi, hukumu."

Mimi ninayeweza kukwambia saa iliyosimama ilisimama kwa sababu gani kabla sijaifungua, nilisema kuna mteja ananisubiri. Bi Mize amenipa mpaka Ijumaa. Mkeka umeviringishwa, umesimamishwa pembeni mwa chumba, na hakuna aliyeukalia.

Jambo moja niwaambie, maana hukumu haiwekwi juu ya kitu kilichooza. Yale machozi ya Sabiha nyuma ya mlango nimeyatia mwenyewe. Asubuhi ile nilikuwa dukani. Huenda alilia, huenda aliendelea kukanda unga wake. Kwa hiyo kama mlikuwa mmeshampa mkeka kwa ajili ya machozi, mpokonyeni, mwanze upya: yuko Faki aliyeuamsha mkono, yuko Raya aliyeufundisha kutii, yuko Sabiha aliyeuacha bila kitu mpaka ukaikumbuka kazi yake. Mkeka ni mmoja, na haukatwi, na Ijumaa ni keshokutwa.

Je, nani alistahili?