Ufunguo wa Posta ya Pendle

Haya, anayetafuna muwa ateme makapi. Nina kesi, na mimi imenishinda.

Zamani, Amerika ya farasi na taa za mafuta, mji wa Pendle ulikuwa na mshona viatu, Lemueli, mpole kupita kiasi. Alitaka ubunge ili mto wao ujengewe daraja. Dada yake, Ketura, alijua kutunga maneno. Rafiki yake Sila, muuza nyama, alijaliwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Amosi, rafiki mwingine, alikuwa na nyumbu wasioogopa maji; kuvusha watu ndiyo riziki yake.

Lemueli hotuba haiwezi, ulimi unamganda. Basi Ketura akatunga, Sila akapanda kisikini, maana jukwaa lao lilikuwa kisiki cha mti, akanguruma mji baada ya mji hadi sauti ikakauka. Watu wakapiga vigelegele.

Siku ya kura ikafika. Wakati ule kura ilitamkwa hadharani, na ustaarabu wa Pendle ni mgombea kumpa mpinzani wake. Lemueli akasema, "Nampa Bwana Hobbs." Bwana Hobbs akakohoa, akasema, "Nami najipa mwenyewe."

Lahaula! Tayari Lemueli yuko nyuma, na mto umefurika, watu wake wamekwama ng'ambo! Amosi akaingia majini na nyumbu wake, akawavusha wote. Wakafika wameloa chapachapa, wakipaza, "Lemueli!" Akashinda. Wakacheza ngoma mpaka viatu vikaachama, na mshonaji ndiye mbunge!

Sasa, desturi yao mshindi humpa mtu wake mmoja ukuu wa posta, kazi yenye mshahara, pamoja na ufunguo wa ofisi. Lemueli akashika ufunguo, jasho linamtoka.

"Kaka," akasema Ketura, "bila maneno yangu Sila angenadi maini tu. Na mimi mwanamke, hata kura sina."

Sila akajibu kwa sauti ya chura, "Na maneno yako yangetembea yenyewe? Nimebaki bila sauti, nyama nitaiuzaje?"

"Semeni mchoke," akasema Amosi. "Kura za ng'ambo zingeogelea? Na daraja likijengwa, nani atanilipa kumvusha?"

Wote anawapenda, wote wana haki, ufunguo ni mmoja. Je, ninyi mngempa nani? Wewe unayecheka huko nyuma, anza wewe.