Hodi ya Nne

Leo, ndugu zangu, nataka kuwapeleka nyuma ya nyumba ya mtu mmoja. Mbele mmeshapita mara nyingi.

Mtu huyu alifiwa na mkewe mwezi wa kumi. Msiba ulijaa watu. Maturubai mawili, masufuria ya kuazima, nyimbo mpaka sauti zikakauka. Ikafika arobaini, watu wakala, wakakunja maturubai, wakaenda zao. Tangu siku hiyo hakumwona mtu mlangoni pake. Watoto wanaishi mbali. Walimpigia simu kila Jumapili. Siku nyingine zote alishinda uani na redio yake, na redio haimwulizi mtu ameamkaje.

Mwezi wa pili, mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa milimani, akaamua kutayarisha bustani ya uani kabla ya masika. Bustani hiyo ilikuwa ya marehemu. Yeye kazi yake miaka yote ilikuwa kula. Sasa akashika jembe kila siku, tangu asubuhi mpaka jua linapoinama. Aling'oa mabua makavu ya mwaka jana, akavunja mabonge, akabeba samadi kwa ndoo, akainua matuta manane: la mchicha, la matembele, la nyanya chungu, na mengine. Tuta la mwisho akalipanda bamia. Alipokwisha kufukia ndipo akakumbuka kwamba yeye bamia hali. Mlaji wa bamia alikuwa mkewe. Akalimwagilia hivyo hivyo.

Matuta manane, mtu mmoja. Nani ale? Hata yeye alijiuliza. Lakini ndani ya nyumba kulikuwa na kiti ambacho hakuweza kukitazama, na udongo angalau ukiupiga jembe unalegea.

Huku akilima, alipitia majina moyoni. Mzee wa jumuiya, hakuja. Wanakwaya walioimba pale msibani, hakuja hata mmoja. Jirani wa ukuta kwa ukuta, rafiki mkubwa wa marehemu, yule naye! Ijumaa moja akaandika barua ya mstari mmoja: naomba jina langu liondolewe katika jumuiya. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, aipeleke Jumapili.

Jumamosi, kuku wa jirani akapenya chini ya ua na kuanza kuchakura tuta la mchicha. Nyuma yake akaja jirani mwenyewe, kanga kaikaza kiunoni, anapita pale palipobomoka.

"Nisamehe, shemeji! Kuku huyu hana adabu. Sikukuu haimkuti hai!"

Yule bwana hakucheka. "Afadhali yeye," akasema. "Tangu arobaini, yeye ndiye mgeni wangu wa kwanza."

Mama yule akasimama. "Unasemaje?"

"Nasema ninyi watu mlikula wali wa msiba, mkanawa mikono, mkanisahau."

"Sisi? Shemeji, hodi zangu mlangoni pako zimeota kutu! Nimekuja Krismasi na sahani ya pilau, nikapiga hodi tatu. Kimya. Mwaka mpya nikaja tena, tatu. Mzee wa jumuiya amekuja na mkewe. Kwaya wamekuja, wakarudi wamenuna. Sasa tufanyeje? Hodi ya nne ni ya mgambo, mimi nitavunja mlango wa mtu?"

"Mbona mimi sikusikia?"

"Ulikuwa wapi?"

"Huku."

"Huku wapi?"

"Huku nyuma. Kwanza na redio, halafu na matuta."

Wakatazamana. Nyumba ile ni ndefu, ina ukumbi katikati na milango miwili. Mtu akiwa uani, na redio au na jembe, hodi ya mbele inaishia ukumbini. Miaka thelathini na moja bwana yule hakuwahi kulijua jambo hilo, kwa sababu miaka yote hiyo aliyesikia hodi na kuitika "karibu" alikuwa mkewe. Sikio la nyumba lilikuwa lake. Walipomzika, nyumba ikawa kiziwi, na hakuna aliyetambua.

"Sisi tukasema umejifungia," mama akasema, sauti imeshuka. "Tukasema hataki watu, tumwache na huzuni yake."

"Na mimi nikasema hakuna aliyekuja."

Akaketi juu ya tuta alilolipanda mwenyewe, akalia kama mtoto. Mama akaketi tuta la pili, akamwacha alie. Kuku akaendelea kuchakura, hakuna aliyemfukuza. Barua ile haikufika kwa mtu yeyote.

Sasa niambieni, ndugu zangu, hapa nani alikosa? Nimemtafuta mkosaji katika habari hii wiki nzima, sikumpata. Waliokuja, walikuja. Aliyengoja, alingoja. Jirani alitimiza adabu yote tuliyofundishwa na mama zetu: hodi tatu, usipoitikiwa, rudi. Jambo hilo ndilo linalonitisha. Ningeona mtu mbaya ningepumua. Kumbe watu wema, wenye adabu zao, wanaweza kumpoteza mwenzao, na kila mmoja akalala akijua ametimiza wajibu.

Sisi tunapiga simu, haipokelewi, tunasema, "Nilimtafuta." Tunatuma salamu, hazijibiwi, tunasema, "Anaringa." Na aliyeko uani, jembe mkononi, anasema, "Sina mtu." Wote tunasema kweli, na kweli zetu hazikutani.

Na wewe uliyeko nyuma leo, maana mmo humu, nawaona, sikulaumu. Mtu huenda pale ambapo huzuni inamruhusu kupumua. Nakuomba kitu kidogo tu: kabla hujalifuta jina letu moyoni mwako, acha mlango wa mbele wazi siku moja, ukae karibu nao.

Lakini neno langu kubwa ni kwetu sisi wa mbele. Upo mlango ambao umekwisha kupiga hodi zako tatu. Unaujua, na mwenye nyumba unamjua jina. Umerudi nyumbani na dhamiri safi. Leo tukitoka hapa, usiende kupiga ya nne.

Zunguka nyuma.