Pimbi Anaandika, Hashauri

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa na nini?

—Useme wewe mwenye hadithi!

Pakawa na kiu, wanangu. Kiu, na jua, na kisima kimoja tu kilichobaki na maji. Sogeeni.

Kisima hicho alikichimba marehemu Kanga kwa kucha zake, kwaru, kwaru, mpaka kikamuua. Akamwachia mkewe, Bi Kanga, na vifaranga wao. Basi akaja Fisi, akajilaza ukingoni, akasema, "Changu!" Anayesogea, anatafunwa. Vifaranga wakaanza kulegea shingo.

Bi Kanga akaenda kushtaki barazani kwa mfalme Simba. Mfalme naye alikuwa na msiba wake: mwanawe mdogo alikwenda kunywa maji asirudi, na aliyemla hajulikani.

Nje ya baraza, juu ya jiwe, alikaa Pimbi mwandishi, mdogo, mnono, mpole. Kazi yake kuandika maneno ya mteja, kuyanyoosha, kumsomea. Basi. Kumwambia mtu adai nini, hapana. Kumsemea barazani, hapana. Hayo ni ya mawakili, na mawakili wa nchi ile walikuwa mamba. Waliokwenda kuwauliza neno, hatujawaona tena. Mwandishi akishauri, hung'olewa meno. Na Pimbi aliyapenda meno yake.

"Bwana mwandishi," akasema Bi Kanga, "niseme nini?"

"Naandika, sishauri, mama. Sema lako."

"Andika: Nina kiu. Watoto wangu wana kiu. Tunaomba tunywe."

Kwaru, kwaru, kwaru. Pimbi akamsomea. "Kuna lingine?"

Bi Kanga akafikiri. Alilelewa kwamba mfalme haombwi mengi, ni utovu wa adabu. "Hakuna, bwana." Akatia alama ya mguu.

Pimbi akafumbua kinywa. Akakifumba.

Mara, puu! Fisi huyo. "Wee kidudu! Andika kisima ni changu!"

Kwaru, kwaru. "Kuna lingine?"

"Na mto uliokauka, ukirudi, wangu!"

Kwaru, kwaru. "Kuna lingine?"

"Na kivuli cha miti yote!"

"Kuna lingine?"

Fisi mate yakamtoka, chururu. Akaikumbuka mifupa iliyozagaa pale ukingoni, ndani bado ina uboho. "Na mifupa yote ya kisimani! Tena andika si mizoga, maana watu wananidharau. Ni mawindo yangu, nimeua mwenyewe, mkubwa kwa mdogo!"

Pimbi alikuwa amepita kisimani. Alikuwa ameliona fuvu dogo lenye meno ya simba. Akaandika yote, akamsomea yote.

"Itanifaa hii?" akauliza Fisi.

"Naandika, sishauri, bwana mkubwa."

Fisi akacheka, kha-kha-kha, akagandamiza mguu wake, puu!

Baraza likakaa. Kasuku akaisoma hati ya Fisi mbele ya wote. Alipofika kwenye mifupa, Simba akasimama. Watu wakatumwa kisimani, wakarudi na fuvu. Simba akalitazama, akalia, akamgeukia Fisi.

"Haya ni maneno yako?"

"Pimbi!" Fisi akapiga kelele. "Mwambie mfalme nilikuwa najisifu tu!"

Kutoka nje, juu ya jiwe, sauti ndogo ikajibu, "Naandika, sisemi barazani."

Kraa! Fisi akaisha.

Bi Kanga akapiga vigelegele. Hati yake ikasomwa: Tunaomba tunywe.

"Wapeni wanywe," akasema Simba.

Wakapewa, wakanywa, glu glu glu.

"Na kisima changu, baba mfalme?"

"Kisima hukuomba. Na kisichoombwa na mtu ni cha mfalme."

Kesho yake simba wakajilaza ukingoni. Anayesogea, anatafunwa.

Bi Kanga akarudi kwenye jiwe, vifaranga nyuma yake wamelegea shingo tena. "Bwana, si ungeniambia neno moja tu?"

"Nilikuuliza, mama: kuna lingine?" akasema Pimbi, macho yake chini. Aliona aibu, kweli aliona. Lakini meno yake yote yalikuwamo kinywani.

Funzo, wanangu: tamaa mbaya! Mwenye kutosheka hupata haki yake yote. Bi Kanga aliipata, akainywa, ikaisha.

Hadithi yangu imekomea hapo. Kama ni tamu, gawaneni. Kama ni chungu, niachieni niimeze mwenyewe.