Gari la Kupanda Bepokrom

Madam Dufie Agyapomaa alikuwa mwalimu wa fizikia ambaye jina lake likitajwa mjini Kumasi, wanafunzi hukaa wima hata kama wamelala. Hesabu alizijua kama njia ya kwenda kisimani kwao. Kukosolewa, hata hivyo, kulikuwa shubiri kwake, na kushindwa hakukuwamo katika msamiati wake.

Mwezi wa Mei mwaka mmoja, mdogo wake Ataa, muuguzi katika zahanati ya Bepokrom, alimpoteza mgonjwa njiani. Kijiji hicho kilikaa juu ya kilima, na mvua ilikuwa imeigeuza barabara kuwa uji. Magari yalishindwa kupanda. Wanaume wanne walimteremsha mgonjwa juu ya mlango walioung'oa nyumbani kwake, naye akakata roho kabla hawajaiona lami. Ataa alipomsimulia dada yake hakulia. Alisema tu, "Mlango wenyewe tuliurudisha, dada. Mkewe amekataa usibandikwe tena."

Tangu siku hiyo Dufie alijifunga kibwebwe. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na pikapu kuukuu ya Kifaransa aliyoachiwa na baba yake, bodi imara, injini imekufa kwa uzee. Aliazimia kuitoa injini ile na kutia ya gari la Kijapani, pamoja na giaboksi yake na ekseli zake mbili, vile vyuma vinavyobeba magurudumu, ili magurudumu yote manne yasukume. Gari la namna hiyo lingepanda Bepokrom hata mbingu zikifunguka.

Mwezi wote wa Januari iliyofuata, vumbi la harmattan, upepo mkavu wa jangwani, likitanda kama moshi, alikaa barazani na rula, akisoma vitabu na kuchora. Michoro ikafika arobaini na mitatu.

"Madam, unajenga gari au ndege?" jirani yake alimtania.

"Najenga kitu kitakachokurushia matope," akajibu bila kuinua kichwa.

Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma alizinunua kwenye gari moja la Kijapani lililopata ajali. Ekseli yake ya mbele ilikuwa imevunjika, basi akaipata nyingine kwa muuzaji mwingine. Vipimo vyake vya urefu vililingana na mchoro, basi akailipia akiwa amesimama mlangoni, asije akachafua gauni lake. Kisha akavipeleka vyote Suame, kwenye magereji yasiyo na idadi, akamkabidhi mchomeleaji michoro yake. "Fanya kama ilivyoandikwa," akamwamuru.

Mchomeleaji alifanya kama ilivyoandikwa. Siku injini iliposhushwa kwa mnyororo, watu waliacha kazi zao wakaja kutazama. Injini iliketi moja kwa moja juu ya ekseli, na boneti ikabaki wazi kama mdomo wa kiboko. Hilo halikuwa baya zaidi. Mdomo wa giaboksi unaotoa nguvu za kupeleka mbele ulikuwa upande wa kulia, ilhali difu, lile tufe la chuma la kwenye ekseli, lilikuwa upande wa kushoto. Hakuna duniani propela, ile fimbo ya chuma ya kupitisha nguvu, ambayo ingeviunganisha.

"Ee jamani, gari la huyu mama linataka kwenda Accra kusini na Tamale kaskazini kwa pamoja!" mtu akapaza sauti, na kicheko kikazuka.

Mmoja hakucheka. Alikuwa Kyeremeh, fundi mwenye gereji ya jirani, mtu mzima sasa mwenye mafundi sita chini yake. Miaka kumi na mitano iliyopita Dufie alikuwa amemwambia mbele ya darasa zima kwamba kichwa chake kilifaa kubebea ndizi tu. Kesho yake Kyeremeh hakurudi shuleni.

"Madam," akauliza kwa upole, "ulichungulia chini kabla ya kununua?"

"Nilipima," Dufie akasema.

"Sikuuliza hilo."

Dufie alikusanya michoro yake akaondoka, uso umemvimba kwa aibu. Siku ya nne Ataa alimpigia simu. "Dada, mawingu yameanza kukaa juu ya kilima. Mwaka huu yamewahi." Dufie alikwenda dukani akanunua chupa ya shinapsi, ile pombe kali ya heshima, kama anavyofanya kila anayetaka kupokewa ufundi, akaingia gerejini kwa Kyeremeh.

Kyeremeh aliitazama ile chupa, akamtazama na yeye. "Mwanagenzi huletwa na mzazi wake. Wewe nani kakuleta?"

"Nimejileta. Na kabla hujaipokea, nina neno." Akageuka ili mafundi wote wasikie. "Kuhusu kichwa chako nilikosea. Nilikuwa na elimu, sikuwa na adabu. Nisamehe."

Kyeremeh alijifuta mikono kwa kitambaa, tena na tena, kama mtu aliyesahau mikono huwa safi lini. Hatimaye akaipokea chupa.

"Haya. Kesho njoo na nguo za shamba. Utalala chini mpaka ulijue tumbo la hilo gari kuliko uso wako."

Akaja. Akalala chali juu ya gunia, mafuta machafu yakimdondokea shavuni, Kyeremeh akimuuliza jina la kila kifaa. Walitengeneza injini ya mbao, nyepesi kama kikapu, wakawa wanaipandisha na kuishusha mahali pake mpaka ikakaa bila kugusa kitu. Mabano ya kushikilia injini waliyakata kwanza kwa katoni. Ekseli ya mbele ilirudishwa kwa muuzaji, ikatafutwa nyingine yenye difu kulia; safari hii Dufie alitambaa chini ya magari tisa kabla hajasema, "Hii hapa." Siku propela ilipotetemeka kama mgonjwa wa homa, yeye ndiye aliyejua sababu.

"Pembe za ncha zake mbili hazilingani, Fundi. Inua mkia wa giaboksi kidole kimoja."

Kyeremeh akainua. Mtetemo ukakoma. "Kumbe vitabu navyo vina kazi," akasema, wakacheka wote wawili hadi machozi.

Gari lilikamilika wiki ya kwanza ya Mei. Jumamosi moja asubuhi, mvua ikimwagika, Ataa alipiga simu: mkulima wa kakao ameangukiwa na mti, paja limevunjika, damu haikatiki vizuri. Dufie alishika usukani, Kyeremeh akaketi kando yake. Chini ya kilima walipita lori lililozama hadi vitovu vya magurudumu. Dufie aliingiza gia ya chini, akaunganisha magurudumu ya mbele. Pikapu iliteleza, ikasita, ikakamata ardhi.

"Usikanyage mafuta kwa hasira, Madam. Polepole hivyohivyo."

"Nalisikia gari, Fundi."

Wakafika juu. Mkulima yule aliteremshwa akiwa juu ya godoro, Ataa amemshika mkono, na adhuhuri haijaingia alikuwa mikononi mwa madaktari mjini. Alipona, ingawa mpaka leo hutembea kwa fimbo.

Jumatatu walimu wenzake walimzunguka. "Madam, gari lile umelijenga wewe?"

"Limejengwa na Bwana Kyeremeh," Dufie akasema, "na mimi mwanafunzi wake."

Wakatazamana, maana mwanamke yule hawakuwahi kumsikia akijiita mwanafunzi wa mtu. Lakini ndivyo ilivyo, na wahenga hawakukosea: mtaka cha mvunguni sharti ainame.