Kindi na Kilemba cha Somo Dogo

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa nyuma hamjala leo? Paukwa!

Pakawaaa!

Mna mikia?

Hatuna!

Basi mmeshasoma nyinyi. Tulieni niwasimulie.

Hapo kale palikuwa na Kindi, mwanafunzi wa chuo cha wanyama. Somo lake kuu lilikuwa Kuficha. Akificha karanga, hata mchwa hazioni. Lakini kila aendako, swali ni lile lile. Akipita mtoni, Chura: "Kindi, unaongeza somo dogo, huongezi?" Akipanda mtini, Kunguru: "Kindi, unaongeza, huongezi?"

Maskini Kindi! Kaka yake alihitimu na Kuficha peke yake, na sasa yuko nyumbani amejikunyata, mama anamlisha. Akiongeza, kichwa kitabeba? Asipoongeza, si atakuwa kama kaka? Chakula hakipiti, usingizi hauji. Alilia mpaka macho yakavimba.

Akaenda kwa Mwalimu Fisi, anayefundisha Kucheka.

"Shikamoo, mwalimu. Naongeza," akasema haraka, asije akaghairi.

"Marahaba, mwanangu! Siku utakayocheka, umefuzu. Na ada unaijua: mwanagenzi akifuzu humvika fundi wake kilemba."

"Kilemba gani, mwalimu?"

"Somo dogo, kilemba kidogo. Mkia wako tu."

Nje, juu ya jiwe, alikaa Pimbi, aliyefuzu mwaka jana. Kindi akamchungulia nyuma. Hamna kitu! Moyo ukamlipuka, pa! Kindi asiye na mkia akiruka tawi ni chini, tifu! Na ukishaitikia kwa fundi hutoki mpaka ufuzu, au akufukuze mwenyewe. Ee Mola, amejitia kitanzi kwa mikono yake.

Somo likaanza. Fisi akacheka: kwa-kwa-kwa! "Cheka, Kindi!"

"Sijui, mwalimu."

Fisi akakunja pua, akatoa ulimi. "Cheka, Kindi!"

"Sijui, mwalimu." Wala hakudanganya. Kicheko angekitoa wapi na msiba ule?

Siku zikapita. Fisi haendi kuwinda, macho yake hayatoki mkiani mwa Kindi. Akakonda, mbavu nje.

"Mwalimu," akasema Kindi kwa unyonge, "labda ukicheza ngoma huku unarudi nyuma, nitacheka."

Fisi akacheza. Kwa-kwa-kwa, akarudi nyuma. Kwa-kwa-kwa, akarudi nyuma. Chubwi! Dimbwi la tope, mpaka masikioni.

Chuo kizima kikaangua kicheko. Hata Pimbi. Kindi naye akasikia kicheko chake kinapanda, kinapanda, kimefika kooni! Akikiachia, mkia umekwenda. Akakumbuka somo lake kuu. Akakikamata, akakitia shavuni kama karanga, akakimbia kukifukia.

Aliporudi, Fisi alikuwa anahema. "Umecheka?"

"Sijacheka, mwalimu. Sina kipaji."

"Potelea mbali! Toka darasani kwangu! Umenimaliza!"

Basi Kindi akahitimu na mkia wake na somo moja. Akarudi nyumbani, akajikunyata karibu na kaka yake.

"Cheka basi, mwanangu," mama akamwambia. "Si umepona?"

Kindi akaenda kukifukua kicheko chake. Akachimba hapa, hakipo. Akachimba pale, hakipo. Alikificha kwa ufundi mno. Mpaka leo ukimwona kindi anachimbachimba ardhi, uso umemkauka, usimwulize anatafuta nini.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Tamu yake bebeni nyinyi, chungu yake niachieni mimi. Na funzo lake, wanangu? Someni masomo mawili. Mkia utaota tena, kicheko hakioti.