Nani Aliyeifikisha Pikapu ya Tupoki Harusini?

Sogeeni karibu. Kisa hiki nitawasimulia chote, nisifiche kitu, ila hukumu yake sikupewa. Hukumu mtanipa nyinyi.

Huko Tukuyu, kwenye mvua isiyojua likizo, kulikuwa na mpishi wa harusi aitwaye Tupokigwe, ambaye watu walimfupisha wakamwita Tupoki. Pilau yake ilikuwa ikinukia kabla hujafika kwenye kona ya nyumba yake. Bwana harusi mmoja alisahau hotuba yake yote kwa sababu ya ndizi zake za nyama. Lakini alikuwa na doa moja. Mwaka uliotangulia alikodi gari la kubebea chakula, na injini ikanoki, ikakwama na kufa katikati ya safari. Oili ilikuwa imekauka na dereva hakuwa na habari. Chakula kilipofika, wageni walikuwa wameshakula biskuti na kwenda zao. Tangu hapo sokoni wakambandika jina, Mama Biskuti. Yeye mwenyewe alicheka pamoja nao. Akifika nyumbani alikuwa hacheki.

Basi akaamua kununua gari lake mwenyewe, hata kama ni kuukuu. Kuendesha alijua. Kinachoendelea chini ya boneti hakukijua, kwa hiyo akawaomba ndugu zake watatu wamsaidie.

Mjomba wake, Gwamaka, alikuwa na pua. Alifanya kazi ya kuonja chai kiwandani mpaka akastaafu, na harufu ilikuwa ikimsemesha kama redio. Akiingia kwako, anakuambia jana mlipika nini na nani aliunguza.

Shangazi yake, Anyelwisye, alikuwa na ulimi. Si ulimi wa ugomvi. Ulikuwa ulimi wa kufungua watu. Mkikaa naye benchi moja zahanati, kabla hujaitwa kwa daktari atakuwa ameshajua unaumwa nini, tangu lini, na kwa nini mume wako hajui.

Wifi yake, Sekela, hakuwa na pua wala ulimi wa kusifiwa. Alichokuwa nacho ni ung'ang'anizi. Jambo akisema atalifanya kila siku, atalifanya kila siku, hata paa liwe linavuja juu ya kichwa chake.

Walianzia Mbeya mjini, kwenye uwanja wa kuuzia magari. Hapo kulikuwa na pikapu nyeupe inayong'aa mpaka Tupoki akajiona sura yake kwenye mlango. Moyo wake ukayeyuka hapohapo. Muuzaji, kijana mwenye miwani ya jua, akaiwasha, nayo ikawaka kwa sauti laini, bila moshi hata kidogo.

"Mama, hii haijui fundi," alisema. "Ni kuweka mafuta na kutembea."

Tupoki alishageukia mkoba wake. Mjomba Gwamaka, aliyekuwa amevaa suti yake ya kanisani, akapiga magoti nyuma ya gari, akasogeza pua yake kwenye eksozi na kuvuta hewa kama anavyoonja chai. Watu waliokuwa uwanjani wakaanza kucheka. Akainuka, ncha ya pua imekuwa nyeusi.

"Kijana, kabla hatujafika uliizungusha wapi?"

"Sijaizungusha, mzee. Imelala hapahapa."

"Imelala, na boneti ina joto?" Mjomba alifuta pua kwa leso, akamwonyesha Tupoki. Leso ilikuwa na masizi yenye unyevu, yanayoteleza kama mafuta ya kupikia. "Mwanangu, hii inaunguza oili. Wameipasha moto kwanza ili moshi uishe, na ndani wamemimina oili nzito ya kufunika maradhi. Naisikia harufu yake. Ukiipandisha milimani na masufuria yako, itakunokia."

Tupoki alinung'unika njia nzima ya kurudi. Siku chache baadaye walisikia kwamba pikapu ile nyeupe ilinunuliwa na mtu mwingine, ikanoki kabla hata hajaifikisha kwake. Tupoki akampelekea mjomba kuku.

Lakini kuku hakugeuka gari. Wakatafuta tena, wapi! Hii imechoka, ile bei yake haishikiki. Mwisho ni Shangazi Anyelwisye aliyeleta habari. Alikuwa kwenye msiba, akaongea na mama mmoja, naye akamtajia bwana shamba mstaafu anayeitwa Mwaipopo, mwenye pikapu ya kijani iliyojaa mikwaruzo, asiyejua kama anataka kuiuza au la.

Wakaenda wote. Siku hiyo mjomba alikuwa na mafua makali, pua imeziba kabisa, hanusi hata ubani. Alisimama pembeni akipiga chafya. Sekela aliangalia matairi. Shangazi hata gari hakuliangalia. Alikaa kwenye kibaraza na mzee Mwaipopo, akamsifia maparachichi yake, akamuulizia wajukuu, kisha akaanza kulalamika kuhusu goti lake.

"Yaani asubuhi nikiinuka, bwana shamba, linalia kweli. Likishapata moto kidogo, linanyamaza, utadhani si lenyewe."

Mzee Mwaipopo akacheka mpaka kikombe kikatikisika. "Basi goti lako na pikapu yangu ni ndugu! Asubuhi nikiiwasha inatoa moshi wa bluu, ikipata moto inaacha. Huwa naiongezea oili kidogo, nasonga mbele."

"Pole yake. Na fundi alisemaje?"

"Alisema ringi za pistoni ni nzima, ila sili za valvu zimekuwa ngumu, zinavujisha oili ndani injini ikiwa imelala. Nilipuuza, maana natoka hapa mpaka shambani tu."

Hakuna mnunuzi aliyewahi kuambiwa hayo. Yeye mwenyewe alishangaa ameyasemaje. Wakaelewana bei, fundi akaitwa, akabadilisha sili kabla gari halijatoka uani. Asubuhi iliyofuata wakaiwasha injini ikiwa baridi. Hakuna moshi. Tupoki akampelekea shangazi kitenge.

Siku ya kuichukua, fundi yule aliwapa wosia. "Gari kuukuu msiliamini hata likitibiwa. Pimeni oili injini ikiwa baridi, gari likiwa limesimama pa tambarare. Kijiti cha kupimia kionyeshe katikati ya alama mbili. Isipungue, na msiijaze ikapita."

Tupoki aliitikia kwa kichwa, akasahau. Sekela ndiye aliyesikia. Tangu siku hiyo, kila gari lilipotaka kutoka, alisimama mbele yake na kitambaa mkononi. Anafungua boneti, anachomoa kijiti, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena, anakitazama kama anasoma habari za ukoo. Tupoki alikuwa akipiga honi kwa hasira.

"Wifi, oili ni ileile ya jana!"

"Basi nitaiona ikiwa ileile."

Kila siku ilikuwa ileile. Miezi ikapita. Majirani wakawa wakimwita Daktari wa Pikapu, na hakuna aliyempelekea kuku wala kitenge.

Kisha ikaja harusi ya mtoto wa Mzee Mwakalobo, mfugaji mkubwa, huko juu karibu na Mlima Rungwe. Ukoo mzima ulialikwa, na wa upande wa pili pia. Watu walimwonya Mzee Mwakalobo asimpe kazi Mama Biskuti. Akawajibu kwamba atampa, na wasiotaka waje wameshiba. Maneno hayo yalimfikia Tupoki, akalala nayo kifuani. Akiharibu safari hii, hatapika tena harusi ya mtu.

Asubuhi ya harusi masufuria yalikuwa yamepangwa nyuma, yamefungwa kwa kamba, mvuke unatoka. Mjomba na shangazi walishakaa ndani. Tupoki ameshika ufunguo. Sekela akasimama mbele ya gari na kitambaa chake.

"Leo hapana!" Tupoki alipiga kelele. "Jana tu nimemwaga oili nikaweka mpya! Toka, wifi, chakula kinapoa!"

"Sekela, mwache mwenzako aende," mjomba akasema. Hata shangazi, asiyekosa maneno mazuri, alisonya.

Sekela hakutoka. Alichomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa. Kilikuwa kikavu. Akainama chini ya gari. Kwenye udongo kulikuwa na dimbwi jeusi, na tone lingine likaanguka akiwa analitazama. Fundi wa barabarani aliyebadilisha oili jana yake alikuwa na haraka, akaacha bolti ya kumwagia oili bila kuikaza.

Tupoki alishuka, akaona. Alikaa chini palepale na gauni lake la sherehe. Sekela hakumsema. Alitafuta spana, akalala matopeni, akaikaza bolti, kisha akaleta dumu la oili alilokuwa akilihifadhi nyuma ya kiti, akamimina, akapima tena, mpaka kijiti kikasema sawa.

Wakaondoka wamechelewa. Barabara ya chini ilikuwa imezibwa na lori lililokwama kwenye tope, ikabidi wapite ile ya juu, mlima mtupu. Gia ya kwanza, injini inaunguruma, masufuria yanagongana nyuma, macho ya Tupoki yako zaidi kwenye taa ya kuonya oili kuliko barabarani. Taa haikuwaka. Pikapu ya kijani ilipanda kama ng'ombe anayerudi zizini, taratibu, bila kukata tamaa. Walipoingia uani kwa Mzee Mwakalobo, maharusi ndio kwanza wanawasili kutoka kanisani, na akina mama wakapiga vigelegele kwa ajili ya gari kabla ya bibi harusi.

Watu walikula mpaka wakalegea. Jioni, jua likiwa bado juu ya migomba, Mzee Mwakalobo alisimama akishika kamba ya mtamba mweusi mwenye baka jeupe usoni, mwenye mimba.

"Tupoki, malipo yako unayo. Huyu ni zawadi, na si yako," alisema. "Nimesikia mlivyopata shida. Mpe mtu mmoja, yule aliyeifikisha pikapu hii hapa. Ng'ombe wangu hauzwi, hachinjwi, wala hakai nyumba mbili."

"Ndaga fijo, baba," Tupoki alishukuru, akapokea kamba kwa mikono miwili. Akageuka. Ndugu zake watatu walikuwa wamesimama kwa mstari.

Mjomba Gwamaka alikohoa. "Sipendi kujisifu. Lakini bila pua yangu leo ungekuwa na ile nyeupe, na ile nyeupe ilishakufa. Nilipiga magoti mbele za watu na suti yangu."

"Mjomba, wewe ulimzuia kununua gari," Shangazi Anyelwisye alisema kwa upole. "Kukosa gari bovu si kuwa na gari. Hii iliyopanda mlima niliipata mimi, na ugonjwa wake niliutoa kinywani mwa mwenyewe. Wewe ulikuwa unapiga chafya."

Sekela bado alikuwa na tope mgongoni. "Shangazi, gari hilo mlilolipata, asubuhi ya leo lilikuwa maiti," alisema. "Mlikuwa mmekaa ndani yake mnanisonya."

"Lakini wewe ulilitunza, hukulileta," mjomba akasema.

"Na lisilotunzwa halifiki," Sekela akajibu.

"Na lisilokuwepo halitunzwi," shangazi akaongeza, na wote watatu wakaanza kucheka, kila mmoja akiwa amemkazia macho ng'ombe.

Tupoki hakucheka. Alimtazama mjomba, aliyemwokoa asiangamie siku ya kwanza. Alimtazama shangazi, aliyempatia alichokuwa hana. Alimtazama wifi, aliyelilinda gari kila siku bila shukrani, na ambaye yeye mwenyewe alimpigia honi. Mtamba akanyoosha shingo, akaanza kula maua ya meza kuu, na wageni wakamzunguka Tupoki wakingoja kusikia atatamka jina la nani.

Ninachokijua kinaishia hapa. Kamba iko mkononi mwa Tupoki, na watu watatu wameshanyoosha mikono. Sasa semeni nyinyi mliokaa hapa: mngekuwa yeye, kamba hiyo mngemkabidhi nani?